Mwaka wa Mapipa Manane

Nyinyi wajukuu mtakaosoma daftari hili, kaeni chini kwanza na mweke hizo simu kando. Nimeandika kwa Kiswahili kwa sababu nusu yenu Dholuo mnayoijua ni ya kuomba maji tu, na mama zenu wengine wametoka mbali. Sitawaambia nilizaliwa wapi wala baba yangu alikuwa na ng'ombe wangapi. Hayo waulizeni wajomba zenu, wanapenda kuyasema. Nataka kuandika mwaka mmoja peke yake, ule ulioishia na mvua ya elnino, nilipokuwa na miaka ishirini na tisa nikamwonea mwanamke mwenzangu wivu mpaka ukanitoa akili. Mwezi uliopita tumemzika huko milimani juu ya Isebania. Mliniona nimekaa mbele, macho makavu, halafu ndani ya gari mkaanza kuulizana huyu marehemu alikuwa ndugu yetu wa upande gani. Mlidhani nimelala. Hakuwa ndugu. Alikuwa Boke.

Sori mnaijua, ila wakati huo hakukuwa na lami wala taa. Nyumba yangu ilikuwa na vyumba viwili na harufu ya mbao mbichi. Bwana yangu Owiti, babu yenu, alikuwa fundi wa mashua, na fundi wa mashua hana karakana. Karakana yake ni nyumba ya mkewe. Tulikula ugali wetu katikati ya misumari, na mbavu za mashua zimeegemea ukuta kama wageni waliokataa viti. Ukikaa bila kuangalia, randa inakuuma. Sikulalamika, kwa sababu mashua za Owiti zilijulikana kuanzia Muhuru mpaka Homa Bay. Wenzake walichonga chini ikawa kali kutoka mbele mpaka nyuma. Mashua ya namna hiyo inakata wimbi vizuri, lakini ikisimama inayumba kama mlevi anayetafuta mlango. Yeye aliupunguza ule ukali taratibu, akifika nyuma chini pamelala karibu bapa, injini ikapata pa kukaa na mzigo haukimbilii upande mmoja. Alikuwa anasema, "Mbele kisu, nyuma sahani." Maneno hayo yalirudiwa ufuo mzima, na kila nilipoyasikia nilitembea nimeinua shingo, kama mimi ndiye niliyechonga.

Sasa shikeni hili, bila hili hamtaelewa yanayofuata. Mashua yenye mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba mbavu zote, kwetu ilihesabiwa kama mke: lazima iwe na bwana. Siku ya kuitia majini mwanamume anaingia kwanza, anatajwa kuwa mwenyewe, na ikishavua samaki mwanamke hakanyagi tena ndani, asije akaziua nyavu. Ndivyo ilivyokuwa. Miaka kumi na moja nilimshikia Owiti mbao akipiga misumari, niliwapikia uji wasaidizi wake, nilisukuma mashua zaidi ya ishirini mpaka maji yakanifika kiunoni, na sikuwahi kusimama ndani ya hata moja. Leo mkisikia mnakunja uso. Mimi sikukunja. Niliona ni heshima ya kazi ya bwana yangu, na heshima yake ndiyo niliyokuwa navaa.

Chama chetu kilikuwa cha wanawake kumi na mmoja, Wasabato na Wakatoliki, wote wa kuuza omena, wale dagaa wa ziwani, na mwenyekiti nilikuwa mimi. Omena nzuri ilikuwa inatua ng'ambo ya ghuba. Ukienda kwa miguu unazunguka kinamasi, saa tatu na karai kichwani. Ukitaka kuvushwa, unangoja mwenye mashua ya kubeba watu apende, na nyinyi mlio wakubwa mnajua mwanamume wa ufuoni hupenda baada ya kupewa nini. Basi tukasema tutafute chombo chetu. Walipoanza kuuliza chombo gani, mimi nilikuwa nimeshajibu moyoni: mashua ya Owiti, kipi kingine? Wazee walikuwa wamenidokezea kwamba kwa kuwa ni ya kubeba watu tutakubaliwa kukaa ndani, mradi mwanamume ashike injini na nyavu zisiingie. Zikiingia hata siku moja, sisi tutoke. Na mwanamume wa kutajwa siku ya kuitia majini angekuwa Owiti. Nilikuwa nimeshachagua kitambaa nitakachofunga kichwani.

Boke alikuwa ameingia Sori na ndizi na mahindi kutoka upande wa Isebania, akawa anarudi kwao na omena, na baadaye akawa harudi sana. Alikuwa Mkuria, mjane, umri wake kama wangu, na kwa jina la mtoto wake wa kwanza tulimwita Mama Chacha, kama mimi nilivyoitwa Mama Awuor. Alikodi chumba nyuma ya duka la Mwislamu mmoja aliyetoka Pwani, chumba kidogo kama banda la kuku, na mara ya kwanza aliponiita kula nilitafuta uchafu nikaukosa. Sufuria zinang'aa. Kitanda kimetandikwa kama kinangoja daktari. Alipika ndizi na nyama, zile ndizi za kwao zinazolainika bila kuvunjika, akaniwekea mimi mnofu na yeye akabaki na mfupa. "Kula, mwenyekiti," akasema, "wewe unabeba watu kumi." Nilikula nikiwa na hasira, na chakula kilikuwa kitamu, hasira ikazidi. Mtu wa milimani, aliyeona ziwa akiwa mtu mzima, hata kuogelea hajui, na ndani ya miaka miwili wanawake wangu walikuwa wanampelekea yeye shida zao kabla hazijafika kwangu. Kama angekuwa mrembo ningeelewa. Hakuwa. Alikuwa na kitu kingine: akikusikiliza, unaona umesema jambo la maana. Mimi nikimsikiliza mtu, mtu anamaliza haraka.

Hapo kwenye sahani ya ndizi ndipo aliponiambia ameona kitu Homa Bay. "Si mashua," akasema. "Ni mapipa yamelazwa, juu yake mbao kama sakafu ya nyumba. Mtu anapanda na mbuzi wake, anakaa, anashuka, nguo hazijalowa." Nilimwambia kitu kama hicho kinaitwa chelezo na ni cha watoto. Hakubisha. Alisema tu, "Twende na fundi akione." Aliyepaswa kusema hapana ni mimi, lakini nilimwamini Owiti. Nilijua atakicheka.

Mwaka huo gugu maji lilikuwa limefunika maji ya Homa Bay, kijani kitupu mpaka macho yachoke; ungesema ni shamba la mtu. Injini za mashua zilikuwa zinameza mizizi na kuzimika. Hicho chelezo kilikuwa kimefungwa ukingoni kwenye mfereji mwembamba uliokatwa katikati ya gugu, na Owiti hakukicheka. Alipiga magoti kwenye matope na suruali yake nzuri. Aligonga pipa moja moja, akisikiliza. Mimi niliingia hotelini hapo ukingoni, chumba cha mabati chenye dirisha la waya, nikaagiza ngege watatu, samaki mmoja kwa kila mtu, na ugali, nikakaa mahali ambapo ningewaona na wao wasinione. Sauti zilikuwa zinaingia vizuri.

"Fundi, pipa moja likitoboka?" Boke anauliza.

"Litajaa maji."

"Na mengine?"

"Mengine hayana habari. Kila moja na hewa yake."

"Na mashua yako ikitoboka?"

"Mashua yangu haitoboki, Mama Chacha."

"Sijauliza hivyo, fundi."

Owiti akacheka. Siyo kile kicheko chake cha nyumbani, cha puani. Alicheka mpaka akashika goti. Akamwambia yule mwenye chelezo, "Huyu mama ana jicho. Angekuwa mwanamume ningempa randa leo leo." Miaka kumi na moja, mimi niliyeshika mbao zake zote, hakuwahi kuniambia nina jicho. Hata la kupima chumvi. Walipoingia, samaki wa Boke nilikuwa nimemaliza, mpaka kichwa. Alitazama sahani, akasema ana njaa kidogo tu, ugali na mchuzi vinamtosha. Mpaka leo sijajua kama alielewa. Mtu anayekusamehe bila kukuambia anakuachia mzigo wa kujiuliza, na mimi nimejiuliza juu ya samaki huyo miaka mingi kuliko inavyostahili samaki.

Mkutano ulifanyika uani kwangu siku ya Jumapili mchana. Boke aliomba karai la maji, nikampa lile langu la bluu, kwa sababu mwenyekiti hawezi kunyima karai. Alikuwa na magunzi manane ya mahindi ameyafunga pamoja kwa kamba ya katani. Akayaweka majini, juu yake ndala, juu ya ndala nyanya tano. Vikaelea. Halafu akatoa ganda jekundu la ua la mgomba, limechongoka mbele, akalitia pembeni. "Na hii ndiyo ya fundi wetu. Nzuri, mnaiona." Wanawake wakasogea kama watoto. Mimi nikashika karai pande zote mbili nikalitikisa. "Huu ni upepo wa saa tisa!" nikasema. Magunzi yakapigwa ubavuni, yakaenda mshazari, nyanya mbili zikaanguka majini. Ganda la mgomba likapanda na kushuka kama halijui kuna vita. "Mmeona? Sori si Homa Bay. Hapa ni ziwa wazi. Kitu bapa hakiumi maji, kinasukumwa tu." Na nilichosema kilikuwa kweli tupu. Wekeni alama hapo. Nilikuwa sahihi.

Lakini Syprosa, mwenye mdomo kuliko wote, akauliza, "Mwenyekiti, unatetea mashua ama unatetea bwana?"

"Mwache, yawa," mwingine akadakia. "Mashua ikiingia majini si yeye ndiye bibi harusi?"

Wakacheka mpaka kuku wakahama. Mtu akishajulikana ana wivu, ukweli wake unanuka wivu, hata kama ni ukweli. Hilo ndilo nililojifunza hapo uani, na nilijifunza vibaya, kwa sababu nilidhani dawa yake ni kusema kwa sauti zaidi. Mwishowe wakasema aitwe fundi atoe neno. Owiti akaja na penseli sikioni, vumbi la mbao kwenye nyusi. Nilimtazama. Alikuwa anajua ninachotaka, hakuna mwanamume asiyejua. Akainamia karai. "Kwa mawimbi," akasema, "yangu. Kwa nyinyi, cha Mama Chacha. Yangu ina mkuku. Nyavu zitaingia, mwezi hautaisha, nawajua wanaume wenzangu. Na siku hiyo mtarudi kuzunguka kinamasi." Mikono minane ikainuka. Wangu nilikuwa nimeushikilia na ule mwingine.

Bado nilikuwa na tumaini moja, wazee. Walikuwa wamekaa kwenye benchi lao karibu na mizani ya samaki, na Boke akaenda na wanawake wote nyuma yake, mimi nikiwa wa mwisho. Aliinama, akasalimu kwa adabu, akaeleza mapipa na mbao. Mzee wa ufuo akawageukia wenzake. "Mkuria anataka kututengenezea kitanda cha kulalia ziwani!" Kicheko. Boke akangoja kiishe. "Kwa hiyo mzee, hiyo si mashua?"

"Mashua gani haina mkuku? Nimekwambia ni kitanda."

"Na kina mama wanakatazwa kupanda kitanda?"

Mzee akacheka yeye peke yake, polepole, kama mtu aliyejiona amefunga kamba mguu wake mwenyewe. "Pandeni," akasema. "Kitanda ni chenu. Shikeni hata hiyo injini." Wanawake wakapiga vigelegele. Neno moja la mzaha, na mambo ya tangu babu zetu yakakaa kando yakatupisha. Mimi niliyezaliwa kando ya maji sikuwahi kufikiria kuuliza. Hiyo iliniuma kuliko kura, kuliko samaki, karibu kuliko lile neno la jicho.

Chelezo kilitengenezwa wapi? Kwangu. Fundi alikuwa bwana yangu, na Boke alikuja kila asubuhi na kishada cha ndizi, akakaa kwenye kigogo akishika upande mmoja wa mbao, mahali nilipokuwa nakaa mimi. Sikuwahi kuwakuta katika jambo baya, na hapakuwa na jambo baya. Nawaambia wazi, msije mkafikiri mengine. Walikuwa wanazungumza kazi. Lakini mimi ningevumilia zaidi kama wangekuwa wanashikana mikono. Nilimpa chai ndani ya kikombe kilichovunjika mpini. Aliinywa, akasema asante dada. Nikampa chai bila sukari. Akasema asante dada.

Wanachama wanane tuliokuwa na mapipa nyumbani tulitakiwa kutoa moja moja. La kwangu lilikuwa la maji ya mvua, na chini kwenye kiungo lilikuwa na tundu la kutu, dogo kama punje ya mahindi. Stendi ya Suna nilikuwa nimeona dereva wa lori akiziba tanki la dizeli kwa sabuni ya kufulia, akaondoka zake kwenda Kisii bila tone. Basi siku ambayo Owiti na Boke walikwenda kununua misumari, nikachukua kipande cha sabuni, nikakisugua na kukishindilia mpaka tundu likapotea, nikapaka lami juu. Sabuni haidhuriwi na dizeli. Maji ndiyo yanayoiyeyusha, na mwanamke anayefua kila wiki hawezi kudai haelewi hilo. Nilitaka kitanda kile kiiname mbele ya watu, mara moja tu, pale ukingoni kwenye maji ya magoti, Boke aone aibu kama niliyoiona mimi. Sikutaka mtu afe. Kila mbaya husema hivyo.

Owiti aliyapima mapipa kwa kuyazamisha ziwani moja moja, akitafuta mapovu. Alipofika kwa la kwangu akalipiga kofi, akaliviringisha upande wa pili. "Hili halina haja," akamwambia Boke. "Ni la nyumbani."

Siku ya kukitia majini kilisukumwa alfajiri, kikaelea ukingoni kikingoja maombi. Katekista aliomba. Mzee wa Kisabato akaomba kumzidi katekista. Katekista akakumbuka jambo lingine. Muda wote huo pipa langu lilikuwa limelala majini, na mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya wanawake na kitambaa kichwani, nasema naumwa kichwa. Halafu nikaona wanamleta mama mkwe wangu. Alikuwa mzee sana, mke wa mvuvi na mama wa fundi, miaka yote ameishi kando ya ziwa lile na hajawahi kupanda kitu majini. Alikuwa amesikia ni kitanda, akasema yeye kitanda anakijua. Boke alimbeba mgongoni, akamkalisha kwenye kiti cha mbao kilichofungwa kwa kamba. Kwenye kona ya nyuma, upande wa kulia. Juu ya pipa langu.

Nilisema moyoni hawatakwenda mbali. Lakini kiliondoka vizuri mno, na furaha haiishii kwenye maji ya magoti. Owiti akawasha injini, akampa Boke mkono wa usukani, wanawake wakaimba, wanaume ufuoni wakapiga miluzi. Wakapita maji ya kiuno. Wakapita maji ya mtu mzima. Ndipo nikaona ile kona imeanza kushuka.

"Rudini!" nikapiga kelele. "Rudini, kinazama!"

Syprosa akasimama, mikono kiunoni. "Wivu haujui kuogelea, Mama Awuor! Tutakuletea omena!" Kicheko kikaja juu ya maji. Hata wanaume waliokuwa karibu nami walicheka. Nikarudia, wakacheka zaidi. Nikaingia majini na nguo zangu mpaka kifuani, na hapo ilinibidi niseme lile neno moja ambalo wangeliamini, kwa sababu hakuna mtu anayejitengenezea aibu kama hiyo bure. "Pipa la nyuma, la kulia, ni bovu! Ni langu! Nimeliziba kwa sabuni!"

Nyimbo zikakatika. Owiti alinitazama. Ni yeye peke yake ninayemkumbuka uso. Boke hakunitazama hata kidogo, alisema kwa sauti ya mtu anayepanga watu foleni, "Wote nendeni mbele, kushoto. Polepole. Bibi akae alipo, nitamshika mimi." Akageuza kile kitu kama aliyezaliwa nacho. Kilirudi kona moja iko chini ya maji, mama mkwe wangu miguu imelowa mpaka magotini, wengine wote wakavu. Walipotaka kumshusha akakataa. "Sikungoja miaka yote hii ili nizungushwe pale na kurudi," akasema. "Tengenezeni. Mimi nipo."

Boke akashuka, akaingiza kidole kwenye lile tundu, akanusa. Ufuo mzima ulikuwa unangoja aniseme. Akainua kichwa, akawaambia wanawake, "Basi tumejua. Moja likifa, saba yanabeba." Vigelegele! Wakaimba jina lake pale pale. Nilikuwa nimefanya uovu wa kumwangusha, na uovu wangu ukawa ndio mtihani uliothibitisha chombo chake mbele ya wanaume wote wa Sori. Nilisimama kwenye matope, nguo zinadondosha maji, na kitu nilichokuwa nahisi hakikuwa majuto. Majuto yalikuja baadaye, kwa miguu. Nilikuwa nahisi wivu.

Wajukuu, ningewadanganya nikisema uliisha siku hiyo. Wiki ya tatu upepo wa saa tisa uliwasukuma mpaka ndani ya mafunjo, wakakwama huko mpaka utulie, na tangu hapo walivuka asubuhi tu, kama nilivyowaambia kwa karai. Nilifurahi. Mvua kubwa ilipokuja ikakata barabara, kile kitanda kilivusha unga, wagonjwa, na hata jeneza, na Boke akawa mwenyekiti, na alistahili. Nilibaki mwanachama. Nilivuka nacho mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, nikikaa juu ya lile pipa jipya lililowekwa mahali pa langu. Na juzi hapo milimani, padri akihubiri, mlidhani nasali. Nilikuwa nahesabu watu waliokuja kumzika. Ni wengi kuliko watakaokuja kwangu.

Lakini niwarudishe kwenye siku ile ile, jioni, wakati wa chakula, jua bado halijazama. Nilikuwa nimepika ugali na omena ya kukaanga na nyanya. Chumbani alikuwa Owiti, wasaidizi wake wawili, mama yenu Awuor akiwa msichana wa miaka tisa, na wadogo zake. Jirani akachungulia mlangoni, akajifanya anaomba chumvi, akauliza kwani ilikuwaje juu ya pipa. Kabla sijameza, Owiti akamjibu. "Alisahau. Ni pipa la zamani. Aliliziba kitambo kwa ajili ya maji ya mvua, akasahau." Alisema bila kuniangalia, kwa upole, kama mtu anayefunika chakula kisiingie inzi. Hakunipenda wakati huo, niliona, lakini alikuwa ameshaamua kunificha. Jirani akasema pole, akaondoka na chumvi. Msaidizi mmoja akaitikia, "Ni kweli, mama alisahau." Awuor naye akamwambia mdogo wake, taratibu, kama anamfundisha somo: mama alisahau. Nikaona jinsi neno hilo litakavyokaa nyumbani kwangu, watu wote wakiinama kulipita, na mimi nikilala nalo mpaka uzee.

Nikaweka mwiko chini. "Sikilizeni wote," nikasema. "Katika nyumba hii hakuna mtu atakayesema tena kwamba nilisahau. Si wewe Baba Awuor, si mafundi wako, si watoto. Kesho asubuhi nyinyi wasaidizi wawili mtaanza na huyo jirani. Mtu yeyote akiwauliza, mwambieni alijua. Haya, kuleni, ugali unapoa."